Hesabu ya Watu Watatu

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, siku ambayo nusura nimkose mke wangu Kanini kwa sababu ya hesabu. Ndiyo, hesabu, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne!

Kanini alikuwa amepata kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, huko Kiboko. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kuku wangu wametembea dunia kunishinda. Kuita kikao cha kuamua tutaishi wapi niliona kazi, nikapatana na kila mtu kivyake. Kanini nikamwahidi tutahamia Kiboko. Baba nikamwahidi sitatoka bomani. Nao wawili, bila mimi, wakapatana nipelekwe Mtito Andei nikauze petroli, uvivu unitoke. Mshika mbili moja humponyoka, nami nilitaka kushika zote.

Siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga uchumba kwetu Ukambani, kila mmoja akasema lake mbele ya wazee. Wazee wa kina Kanini wakaanza kutafuta kofia zao, kikao kivunjike.

Mjomba wa Kanini, Mwalimu Musyoki, ndiye aliyenifunza hisabati. Alicheka mpaka akavua miwani.

"We kijana, darasani sikukwambia? Kuna kanuni za kuunganisha vitu viwili, na kuna zinazotaka vitatu kwa mpigo. Hizo ukizilisha viwili viwili, hazitoi jibu."

"Ulisema, Mwalimu. Lakini haikutokea kwenye mtihani."

"Imetokea leo! Tena kwenye kanuni hizo kila kitu kina daraja lake. Ukipangua nafasi, alama ya kujumlisha inageuka ya kutoa. Nani aliambiwa kwanza?"

"Kanini."

"Kabla ya babako? Ndiyo hiyo kutoa! Ketini hapo watatu. Mzee aanze."

Baba akaanza. Kanini akafuata, kwa heshima, lakini hakurudi nyuma hata kidogo. Mimi nikawa wa mwisho, na kwa mara ya kwanza nilisema ukweli: napenda kukaa nyumbani. Likatoka jibu ambalo hakuna wawili kati yetu waliokuwa nalo. Kanini aende Kiboko kila Jumatatu, arudi Ijumaa. Mimi nibaki nilime, nipike.

"Mwanamume wa kupika isyo!" baba alinung'unika. Lakini mahindi na maharagwe yangu aliyala, mwanangu, na akaongeza. Mbuzi wakapokelewa.

Mafiga mawili hayainjiki chungu. Jambo la watatu lisimalizwe na wawili, hata kama hao wawili wanapendana. Waite wote, mpe kila mtu nafasi ya daraja lake, kisha uwe na subira. Mungu akujalie nyumba inayokalika, na watu wa kukwambia ukweli wote wakiwepo.