Mlio wa Injini Baridi

"Ni masikio yako tu." Maneno hayo bado yananichemsha damu. Mume wangu aliyarudia kila nilipomwambia gari letu linalia vibaya, mpaka nikaona haya kufungua mdomo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Lililia alfajiri tu. Nikiwa nje nawasha jiko, yeye hupiga stata, na injini hugonga kwa mbele kama kokoto ndani ya sufuria, kisha hunyamaza. Na gari hilo ndilo tulilolitegemea kumpeleka binti yetu hospitali Malindi. Alikuwa amerudi kwangu Garsen kujifungua mimba ya kwanza, kama desturi yetu, na daktari alishaonya kwamba mtoto amekaa vibaya; uchungu ukianza, tusipoteze muda. Ukishaiacha Garsen, nyika ni nyika. Gari likizima huko, utamwita nani?

Nilimsumbua mpaka akalipeleka gereji. Alilipeleka adhuhuri, baada ya kuzunguka nalo mjini asubuhi nzima. Injini ya moto itasema nini? Fundi akasikiliza, akamwambia yeye, si mimi niliyesimama pale pale, kuwa gari ni zima na mama ana wasiwasi wa kupata mjukuu. Wakacheka wote wawili. Nilirudi nyumbani na hasira zangu.

Jioni ile nilichukua ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso. Nikamwambia gari haliwashwi mpaka fundi aje nyumbani asubuhi, injini ikiwa imelala baridi. Alifoka, akanuna, akaenda msikitini kwa miguu.

Fundi alikuja kumekucha. Akapiga stata, injini ikagonga, naye akaizima haraka. Hakucheka tena. Alieleza kuwa tensiona, kile kifaa kinachokaza cheni ya injini, imechoka. Husukumwa na oili, na gari likilala oili hushuka, cheni inabaki imelegea mpaka oili ipande tena. Siku cheni itakaporuka meno, injini itavunjika hapo hapo barabarani.

Akamgeukia mume wangu. "Mzee, mlio huu ulianza lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani," akajibu.

Ramadhani tulishaifunga tukaimaliza. Kumbe alikuwa akiusikia kila alfajiri, kama mimi! Nilimuuliza kwa nini alinifanya mwendawazimu. Akasema alidhani nitachoka kusema. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia asubuhi ile, na nilimwambia hivyo hivyo mbele ya fundi.

Walibadilisha tensiona na cheni. Siku chache baadaye, uchungu ulianza kabla jua halijatoka. Niliketi nyuma, kichwa cha mwanangu mapajani. Mume wangu akapiga stata, injini ikawaka bila kugonga. Akanitazama kwenye kioo, anatabasamu, anasubiri nimsifu.

"Endesha gari," nikamwambia.