Nilivyopakwa Mafuta ya Wagonjwa Nikiwa Mzima

Tangu nimalize chuo nimerudi kwa mama huku milimani, Same. Sina kazi, nimechoka, na hofu ya kufa bila kujiandaa hainiachi.

Jumapili iliyopita mama alisali misa ya kwanza, mimi nikaenda ya pili, tena nimechelewa. Benchi la mbele lilikuwa na nafasi, nikaketi katikati ya wazee. Kumbe ni la wagonjwa. Padri alipofika na mafuta matakatifu nikawaza: nikiinuka sasa, nitakuwa nimeikataa sakramenti mbele ya watu. Nikatoa paji la uso, nikatoa viganja, na kwa woga nikakohoa.

Bibi wa pembeni akanishika mkono. "Pole, mjukuu wangu. Mbinguni hakuna kikohozi."

Nikaitikia, "Amina."

Mchana jumuiya yetu nzima ya kanisa ikapanda kwetu na rozari mkononi na uji kwenye chupa ya chai. Mwenyekiti akamshika mama bega.

"Mama Neema, jikaze. Tumesikia mtoto anaaga dunia. Amelala chumba gani?"

Mama akanigeukia. Mdomo wangu ulikuwa umejaa makande.

"Anayeaga ni yule pale," akasema. "Yuko sahani ya tatu."