Kikwembe Chenye Kona Hazikutani

Mimi masomo niliacha kwenye mwaka wa tatu wa primere, lakini kitambaa ninajua kukisoma. Usicheke. Kitambaa iko na njia yake ndani: nyuzi zenye zinaenda urefu, na zingine zenye zinakatiza. Ukikata bila kufuata ile njia, nguo itakaa muzuri siku ya kwanza tu. Siku utaifua, inaanza kuzunguka mwilini. Mushono wa ubavuni unakuja mbele ya tumbo, na wewe unabaki kuurudisha na mukono kila hatua, sawa mutu anafukuza nzi.

Hii nilijifunza kwa makosa, na makosa yenyewe nilimufanyia mukewenza wangu.

Yeye njo mukubwa, mimi njo mudogo. Bwana yetu, Mungu amurehemu, alituweka hapa Kasongo kwenye kiwanja kimoja, mulango unaangalia mulango. Wakati nilipata mashini yangu ya kushona, alinipa kikwembe chake kipya, kitenge cha kijani, nimushonee kanzu ya Idi. Nguo za watu zilikuwa zimenijaa. Nikaangalia maua tu, uzi sikuuangalia, nikakata. Siku ya Idi alipendeza, eeh, alipendeza! Kisha akaifua, akaivaa kwa arusi ya jirani. Ikazunguka. Wanawake wakamuuliza: "Mama, wewe unaenda huku, mbona nguo inaenda kule?" Akarudi, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Toka siku ile tulikula pamoja, tulilima pamoja, tulimuzika bwana pamoja, lakini kitambaa chake hakikupita tena kwenye mikono yangu. Alikuwa anapeleka kwa fundi wa sokoni, tena anapita polepole mbele ya mulango wangu, nimuone.

Sasa mwaka huu mujukuu wetu anaolewa. Kwa damu ni mujukuu wake, lakini mugongo wenye ulimubeba ni huu wangu. Watu wa bwana-arusi, wa Kabambare, wakatuma kikwembe kizuri, yadi sita, na mutu wa pikipiki. Mvua ikamukuta njiani. Yeye akakianika kwa kona moja, kikakauka kimevutika upande. Mutoto akakikumbatia, akakileta kwangu.

"Bibi, wewe njo utashona."

Kabla sijajibu, mukubwa alikuwa amesimama kwenye mulango wake.

"Kikwembe iko kimoja tu," akasema. "Kabambare haiko nyuma ya jikoni, tuagize kingine. Mutoto atasimama nacho mbele ya wakwe zake. Mudogo wangu, hapana. Sitaki yeye aende huku na nguo iende kule."

Alisema kweli. Nikamuambia: "Yaya, mukubwa wangu, usinipe kukikata. Unipe kukinyoosha kwanza, na wewe ukae hapa uangalie. Kama kona hazikutani, ukipeleke sokoni."

Akavuta kiti. Akakaa sawa jaji.

Nikakata kidogo ule ukingo mugumu wa pembeni, nikatafuta uzi mumoja wenye unakatiza, nikauvuta polepole. Uzi ukitoka, unaacha mustari mwembamba, kama njia ya panya kwenye majani. Nikaufuata na mukasi mupaka upande mwingine. Mwisho wa pili, vilevile. Kisha nikakikunja urefu, ukingo juu ya ukingo. Kona moja ikapita ingine vidole vinne.

"Si unaona?" mukubwa akasema. "Kimeharibika."

"Hakijaharibika. Kimelala vibaya. Kinataka watu wawili."

Nikakinyunyizia maji. Mutoto akashika kona moja fupi, ile yenye ilipitwa, mimi nikashika ile ingine fupi, inayoangaliana nayo kwa kukatiza. Akavuta, lakini alivuta sawa mutu anaogopa kuamsha mutoto muchanga. Mukubwa akavumilia, akavumilia, mara akasimama.

"Toka hapo! Unavuta ao unabembeleza?"

Akashika yeye. Kitambaa kikakatiza kiwanja, toka mulango wake mupaka wangu. Nikamuchokoza: "Vuta, yaya! Ugali wa asubuhi ulikula wewe ao kuku?"

"Mimi nilikuwa navuta mitumbwi Nyangwe, wewe bado hujazaliwa!"

"Mitumbwi njo ilikuwa inakuvuta wewe!"

Akakaza. Wallahi alikaza mupaka nikateleza, nikakaa kwenye matope na matako yangu yote, lakini kona sikuiacha. Mutoto akacheka mupaka akashika ukuta. Tukasogea, tukavuta tena, kidogo kidogo, mupaka mwisho.

Tukakunja. Kona zikakutana, zote ine. Mukubwa akapitisha kidole pale, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Kata," akasema. Na yeye mwenyewe akanishikia kitambaa kisitembee.

Unafikiri aliniamini? Wapi! Siku tatu kabla ya arusi nikasikia maji: amechukua ile nguo imeshonwa, anaifua bila kuniambia. Ilipokauka, akamuvalisha mutoto, akamuambia: "Tembea." Mutoto akaenda mupaka kwenye choo, akarudi. Akaenda tena. Mushono ulikaa ubavuni, haukuhama.

Mukubwa aliingia ndani, akatoka na ile kanzu ya kijani, ingali imekunjwa vile aliikunja.

"Na hii?"

Sikutaka kumudanganya. "Hii, yaya, hata tukivuta mupaka kesho, haitanyooka. Niliikata vibaya."

Lakini niliifumua. Kwenye kila kipande nikatafuta uzi, nikakata viraka vidogo vyenye kona sawa, nikaviunganisha na mabaki ya kikwembe cha arusi. Ikatoka foronya ya muto wake. Kiraka kimoja tu, macho yangu haya ya uzee yalinikosesha, kikakaa kimepinda. Nikachukua sindano nikifumue.

"Kiache," akasema, akaweka muto nyuma ya mugongo wake. "Hicho njo wewe."