Nyumba ya Magurudumu Visiwani Ruvu

Mtu wa pwani akisikia kisiwa hufikiria bahari. Visiwa vyangu mimi havijui chumvi. Viko bonde la Ruvu, kaskazini ya barabara ya Mlandizi, na ukivitazama kiangazi utasema ni vilima tu, vyenye mipapai na vibanda vya makuti. Lakini masika mto ukifura, maji huvizunguka pande zote, na waliomo hawatoki mpaka yashuke. Kiangazi unapita kutoka kimoja hadi kingine juu ya tope lililokauka mpaka likapasukapasuka. Jina la visiwa hubaki mwaka mzima.

Kisiwa cha mwisho ndiko alikokuwa akikaa mama yangu.

Baba alimwacha kule kwetu Mzenga, mimi nikiwa bado na pengo la meno ya mbele. Wazee wakaamua mtoto abaki kwa baba. Mama akaolewa na mkulima wa mpunga wa huko bondeni, akaenda, na tangu hapo kumtaja mbele ya baba ilikuwa kujitafutia kulala na njaa. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaota ndevu, nikapata sauti nzito, mama hayajui hayo. Baba alipofariki, arobaini ilipopita, nilishuka Kibaha kutafuta kazi kwa sababu moja tu: Kibaha ni karibu na Ruvu.

Nikapata kazi ya kubeba magunia kwenye duka la Mhindi mmoja. Mshahara wangu wa kwanza niliununulia doti ya kanga, nyekundu, yenye maua ya korosho. Kila muuza mchele aliyepanda kutoka bondeni nilimhoji mpaka njia nikaijua kwa masikio: kisiwa cha kwanza kina mnazi uliopigwa radi, cha mwisho kina nyumba ya mbele yenye mpapai uliopinda mlangoni, hapo ndipo kwa mama. Nilichokosa ni ruhusa. Duka lile halikuwa na siku ya kufungwa, na tajiri alisema nikiondoka siku moja nisirudi.

Basi ndipo ikaja ile nyumba ya magurudumu.

Ilikuwa lori kwa mbele. Kwa nyuma ilikuwa nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, ina mlango, ina madirisha madogo yenye pazia, na ndani mna kitanda, meza ya kukunja na stovu ya mafuta ya taa. Ubavuni ulining'inia mpira mrefu wa kuvutia maji mtoni. Mwenyewe ni Mzungu mzee, aliyefiwa na mkewe, aliyekuwa akizunguka nchi bila kazi yoyote ila kutazama. Dereva wake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wangu, na hakungoja hata salamu.

"Huyu Mzaramo ndiye wa kutuonyesha njia? Bwana, huyu anajua njia ya kwenda ngomani tu!"

"Na wewe babu zako walileta nini pwani ila vichwa vyenye upara wa mizigo?" nikamjibu. "Shuka nikupande mgongoni, ndiyo kazi yenu."

Akacheka mpaka akashika usukani. Tangu hapo tulipendana.

Mzungu alikuwa ameambiwa habari za visiwa, akamwomba tajiri mtu wa kumwongoza siku moja. Tajiri akanitoa mimi, maana Mzungu alikuwa amenunua vitu vingi. Niliruka kama mtoto. Sikulala kwa raha, nikijiona nikishuka mlangoni pa nyumba ile, mama akitoka na unga mikononi, asiamini. Kwenda kwa mama ndani ya gari lenye kitanda! Nani Mzenga aliwahi kwenda kwa mama yake hivyo?

Tulitoka alfajiri. Mzungu alikaa mbele nasi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, lakini siku ile alikitumia kusimulia.

"Kwetu, kaskazini sana, iko visiwa. Baridi. Upepo. Kondoo mingi, watu kidogo. Mimi na memsahib nazunguka na gari kama hii. Memsahib nacheka siku yote." Akatazama nje. "Sasa memsahib hapana."

Nilimwonea huruma kweli. Nikamwambia, "Bwana, mimi pia, kisiwa cha mwisho yuko mama yangu. Sijamwona tangu mdogo." Akanipigapiga bega, akasema, "Nzuri, nzuri," nami nikahesabu hilo kuwa ahadi.

Kisiwa cha kwanza walitupokea vizuri. Wanawake walikuja kushangaa pazia, wakacheka kwamba Mzungu kaja na mke ndani kamficha. Mzungu akanunua nyanya. Halafu akafanya kama Wazungu wote: akaweka maji kwenye beseni, akatia chembe za ile dawa ya kuoshea mboga, maji yakageuka mekundu, akaziosha nyanya zake, na dereva akayamwaga pale nyuma ya gari.

Watoto walikuwa wanachungulia. Mmoja akaona maji yale mekundu yakitiririka kutoka nyumba yenye madirisha yaliyofungwa, akaona na ule mpira, akakimbia akilia. Kicheko cha mama zao kikakatika. Mmoja mmoja wakarudi nyuma, wameshika watoto mkono, na bibi mmoja akasema polepole, kama anayemwambia mwenzake habari ya mvua:

"Mumiani hao."

Nani asiyejua mumiani? Hata Mzenga tulikua nayo hofu hiyo: watu wa gari lililofunikwa, wanakamata mtu njiani, wanamnyonya damu ikatengenezwe dawa. Nikajaribu kueleza. "Bibi, shikamoo. Hii ni dawa ya mboga tu, mimi ni mtu wa Mzenga." Marahaba hakuniitikia. Alikuwa akinitazama mikono.

Dereva alicheka. "Mzaramo mumiani! Utamnyonya nani wewe, na meno hayo?" Nami nikacheka. Nilikuwa na furaha nyingi mno siku ile, hofu ya watu ilinipita kama nzi.

Gari lilizunguka mbali kutafuta pakavu, likinasa hapa, likinasuliwa kwa matawi pale. Njia ya miguu ilikata katikati ya mashamba. Niliona watu wawili watatu wakikimbia kwenye njia hiyo, kaskazini, huko huko tuendako, na bado sikuelewa. Nikasema moyoni, wanatutangulizia habari.

Kisiwa cha mwisho tulikifikia jua limeshaanza kulala. Nilishuka kabla gari halijasimama, kanga kwapani.

Hapakuwa na mtu.

Kuku walikuwapo. Kinu kilikuwapo, na mpunga uliotwangwa nusu ndani yake, mchi umeangushwa chini. Nyumba ya mpapai uliopinda ilikuwa wazi. Uani palikuwa na chungu juu ya mafiga, kinatokota, na kando yake mbuzi ya kukunia nazi, chicha bado mbichi kwenye meno yake. Mguu mmoja wa mbuzi ile ulifungwa waya. Waya ule niliujua. Babu mzaa mama ndiye aliyeufunga, na mimi nilikuwa nikikaa juu ya mbuzi hiyo mama akisuka ukili, nikimwambia napanda farasi. Aliondoka nayo Mzenga siku ile alipoachwa.

Nikatoka mbio mpaka ukingo wa matete.

"Mama! Ee mama! Ni mimi, mwanao wa Mzenga!"

Halafu matete yakatikisika, mbali kidogo, nikaona ncha ya kanga iliyofifia ikipotea. Nikaita tena, kwa sauti yangu yote. Yakatikisika zaidi, mbali zaidi. Nikataka kuingia, dereva akanishika mkono. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Mtani, usiwafuate. Ukiingia humo watakupiga panga. Hawaoni mtoto wa mtu, wanaona gari."

"Basi ondoeni gari! Niacheni hapa peke yangu, wataniona, watatoka."

Akamwendea Mzungu, akamweleza kwa heshima, nikisikia. Mzungu alikuwa anapiga picha zile nyumba tupu. Alipiga ya kwa mama pia, mpapai na mlango. "Nzuri sana," alisema. "Watu kidogo. Kama kwetu." Kisha akatazama jua. "Hapana acha kijana. Kule nyuma mimi naona njia moja, sasa nyingi. Nani naonyesha njia? Twende."

"Bwana, mama yangu yuko kwenye matete hayo."

"Mama yako iko siku ingine pia," akaniambia. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayempa mwingine kitu.

Nilirudi uani. Chungu kilikuwa karibu kuungua, kimekauka maji. Ulikuwa wali wa nazi na kunde. Nikakiepua, nikakiweka chini, nikakifunika na ungo kuku wasikifikie. Ile kanga nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya mbuzi, maua ya korosho yatazame juu. Nikaona hilo litasema kila kitu.

Njia nzima ya kurudi dereva hakunitania, na hilo liliniuma kuliko kama angenitania.

Nilikwenda dukani asubuhi nikaomba siku moja tu. Tajiri akasema nimeshakula siku yangu. Nikaacha kazi. Nilifika Mlandizi na mvua ikanifikia hapo hapo, mvua ya kumwaga, na siku zilizofuata watu wa mto wakasema hakuna njia tena. Masika yote nilikaa Mlandizi nikibeba mizigo ya watu, nikiangalia bonde lilivyogeuka bahari kweli.

Maji yaliposhuka, wauza mchele walipanda. Nilikuwa nimejitwisha gunia la mama mmoja wa huko, naye njiani akawa anawahadithia wenzake, mimi nikiwa mbele yao, mgongo tu wanauona.

"Kwetu waliingia, jamani! Mumiani, na gari lao la pazia. Na kijana wao mmoja, msikie huyo, anaita 'mama, mama' ili utoke. Yule wa nyumba ya mpapai alitaka kutoka! Alikwisha kusimama. Kisha akaisikia ile sauti vizuri, ni ya yule mwanamume wake wa kwanza, neno kwa neno, na yule alishakufa, habari zilimfikia. Akachuchumaa tena. Mwanangu mimi ni mdogo, akasema, mwanangu hana sauti hiyo."

"Ehe?"

"Aliporudi akakuta chungu kimeepuliwa. Wali akamwaga mtoni, chungu akakivunja. Kanga waliyomtegea akaichoma moto. Mbuzi yake akaitupa, maana walikwisha kuikalia. Wakahama na mumewe kabla ya mvua, walivuka ng'ambo. Ng'ambo ipi, sijui. Nani angependa kusema, mumiani wasikie?"

Nilisimama. Gunia lilikuwa juu ya kichwa, sikuweza hata kugeuza shingo. "Mama," nikamwambia, "yule kijana alikuwa mwanawe."

Wakasimama wote. Kisha yule mama akasema taratibu, "Shusha gunia langu, baba." Nikalishusha. Akalivuta karibu yake, wakakaa wakiningojea niende.

Nilikwenda. Mambo ya kwenda ng'ambo sikuyaacha. Kiangazi nashuka kwa miguu, kijiji hiki na kile, mkono mtupu, na nikikaribia nyumba za watu huimba kwa sauti kubwa ili wasikie kwamba ni mtu anakuja. Watu wengi hunipokea vizuri, wananipa maji, wananiambia sauti yangu ni nzuri. Wanawake wa umri wa mama nawaamkia kwanza, nikasubiri waitikie ndipo niseme natoka wapi.