Mama Hapana na Mstari wa Shemeji

Ofisini tunamwita Mama Hapana, na anaitika. Kazi yake ni kukagua faili la mipangilio, lile linaloamua vipande gani viingie kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta kabla haujaundwa. Kipande kipya hakipiti mpaka aandike chini yake "nimekagua", na jina lake. Jina likishaingia halifutiki.

Juzi kililetwa kiendeshi, yaani programu ya kuiendesha skrini mpya ya kugusa. Aliyekiandika ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, tena anakaa kwake na kula kwake. Kazi nzuri, sikatai. Ila jamaa alikuwa ameweka mstari mmoja: kiwake chenyewe kwenye kila mashine. Kila mashine, jamani! Hata zile kuukuu za zahanati, ambazo skrini ya kugusa hazina na kumbukumbu yake ni finyu. Kiini kikinenepa kidogo tu, haziwaki.

"Shemeji, toa mstari huu."

"Nikiutoa, nani atajua kiendeshi changu kipo?"

"Anayekihitaji atakiwasha mwenyewe. Wengine usiwabebeshe."

Bosi akaja mbio, tai imemrukia begani. Alishamwahidi mteja kwamba kazi inatoka siku hiyo hiyo. "Dada, mkataba wako unaisha wiki hii. Unajua, eti?"

Alisema hayo mbele yetu sote, bila hata haya! Na anajua fika kwamba mume wa mwenzetu hana kazi tangu mwaka jana. Nilitamani nimrushie kikombe.

"Najua," akajibu Mama Hapana. "Na siandiki."

"Basi naandika mimi!"

Mama Hapana akainuka, akamvutia kiti. "Karibu, bosi. Andika jina lako lote, zahanati zikizimikiwa na mashine, wajue wa kumpigia simu."

Bosi akakaa kwa kishindo. Akaandika "nimekagua". Vidole vikagoma hapo hapo. Sote tulikuwa tumegeuza viti tunamtazama, na mtu mmoja kule nyuma akakohoa kwa makusudi.

"Kijana," bosi akasema bila kuinua uso, "toa huo mstari."

Shemeji akautoa, kanuna. "Nyumbani nitapewa chakula leo?"

"Utapewa. Na vyombo utaosha."

Mkataba unaisha kesho, na bosi hajasema kama utaongezwa. Leo asubuhi imeletwa mipangilio aliyoiandika bosi mwenyewe. Mama Hapana kaisoma mpaka mwisho, kamalizia chai yake, kaandika: hapana.