Diski Aliyoifuta Longino

Longino wa Magarama, mtaa wa Gitega, alikuwa fundi, hilo hata mahasidi wake hawakulibisha. Kibanda chake cha kupiga chapa na kutoa fotokopi kilikuwa na kompyuta tatu, zote zilitupwa na maofisi baada ya kukatiwa tamaa, na zote alizifufua kwa Linux, mfumo usionunuliwa, unaopewa bure na ruhusa ya kuufungua uone ndani mna nini. Alizaliwa kambini upande wa Kasulu, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Makebuko, akarudi Burundi kijana wa miaka ishirini na mbili, Kirundi chake kikichekesha hata watoto. Aliyerudi hana shamba la kutosha, wala hana mjomba ofisini. Longino alijijengea jina kwa bisibisi na kibodi, akalipenda jina hilo kupita kiasi, na balaa lilianzia hapo.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kazi za maendeleo ambazo raia wote hufanya asubuhi zikishaisha, kikundi cha programu huria kilikutana Gitega katika darasa la kuazima. Watu kama ishirini walikuja na majembe yao, wakayaegemeza ukutani nje, wakanawa mikono, wakafungua kompyuta. Mwenyekiti wao alikuwa Josephat, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Kabla ya somo lolote walikuwa na desturi: kila mmoja anasimama na kutaja kosa alilofanya mwezi ule, bila kulipamba. Amevuruga nini, amevuruga vipi. Wenzake wanampigia makofi, kosa linaandikwa kwenye daftari ili mwingine asilirudie. Jamani, ni wapi pengine mtu anapigiwa makofi kwa kuharibu?

Na ilikuwepo sheria moja isiyo na mzaha: usiiguse diski ya mtu kabla hujamuuliza mara tatu ndani mna nini, na kabla hujaitolea nakala. Sheria hiyo ililetwa na Longino mwenyewe, tena aliitetea siku nzima mpaka wakaikubali.

Mwezi wa sita kikundi kilikwenda Muyinga kuwaonyesha watu wa huko, ili nao waanzishe chao. Walipata ukumbi, wakawasha jenereta, wakatundika shuka jeupe ukutani mbele ya projekta ili kila mtu aone kinachofanyika kwenye kioo cha kompyuta. Umati ulijaa mpaka mlangoni. Longino ndiye aliyekuwa mbele, na fundi akisifiwa mnamjua. Alikuwa anatania, anajibu maswali akiwa amewapa kisogo, vidole vinacheza.

Mtu wa nne kwenye foleni alikuwa Mwajuma, mshonaji wa mjini Muyinga, mjane wa miaka sitini hivi, ambaye wote walimwita Mama Layla. Kompyuta yake ilikuwa nzito kama ng'ombe mgonjwa, akaomba wamfanyie wepesi. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakaribia kwisha. Nuru, binti fundi wa simu ambaye kikundini kazi yake ilikuwa kutoa nakala, alikuwa nje anahangaika na jenereta hiyo. Longino angeweza kumngoja. Angeweza kuuliza hata mara moja, achilia mbali tatu. Kioo kilimuuliza: diski yote ifutwe? Watu mia walikuwa wanamwangalia. Akabonyeza ndiyo.

Baada ya robo saa mashine iliwaka upya, nyepesi, inang'aa, ukumbi ukashangilia. Mama Layla akavaa miwani, akatafuta kidogo, akauliza kwa upole sauti za mzee ziko wapi. Mumewe, Uthmani, alifariki mwaka uliopita. Katika miezi yake ya mwisho binti yao wa pekee, Layla, alikuwa akiketi naye kila alasiri na kumrekodi akisimulia: ukoo ulivyokuja Muyinga, alivyomposa mama, maneno ya kuwaachia wajukuu. Rekodi ishirini na nane. Hazikuwepo mahali pengine popote.

 Longino alielewa papo hapo alichofanya, wala msinidanganye kwamba hakuelewa. Kusema kweli kungemgharimu pumzi moja tu. Lakini ukumbi ulikuwa bado unapiga makofi, na jina lilikuwa tamu. Akainama, akamnong'oneza yule mama kwamba diski ilikuwa imekufa kabla yeye hajaigusa. Mama akauliza imekufaje. Na hapo mwanamume mzima akaongeza la pili, baya kuliko la kwanza: akamuuliza kama ana tabia ya kuizima kwa kuchomoa waya. Mama Layla alikiri kwamba ndiyo, mara nyingine huchomoa.

"Basi ndiyo hivyo, mama," Longino akasema. "Inaua diski."

Mwana kikundi yeyote angecheka: diski iliyokufa, na mfumo mpya umesimama juu yake unang'aa! Mama Layla alikuwa mshonaji. Alimwamini fundi kama yeye anavyoaminiwa na wanaomletea vitambaa. Akashukuru, akafunga kompyuta katika kitenge, akaenda nayo polepole.

Tangu siku hiyo Longino hakuwa na raha. Mwezi wa saba desturi ilipomfikia, alisimama akataja kosa la uongo: eti aliingiza karatasi kichwa chini kwenye mashine ya mteja. Wakampigia makofi. Aliyasikia yakimwingia kama vibao. Wiki mbili baadaye dereva wa basi akamletea bahasha kutoka Muyinga, ndani mna shati la kitenge lililoshonwa vizuri, zawadi ya Mama Layla kwa fundi aliyemwokolea mashine. Mkewe, Letisia, alilisifu, akamhimiza alivae Jumapili kanisani. Longino alisema linambana. Halikumbana hata kidogo, lilikuwa kama limepimwa mwilini mwake.

Mwezi wa tisa zamu ya kufundisha ilikuwa ya Nuru. Alileta kadi ya kumbukumbu ya simu iliyofutwa picha zote za harusi, akaonyesha jinsi alivyozirudisha. Alieleza kwamba kifaa kikifuta hakichomi kitu, kinatangaza tu kwamba nafasi iko wazi. Vilivyomo vinakaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yavyo. Basi dawa ni moja: ukigundua, zima, usikiguse tena, mlete fundi. Kila siku unayoendelea kukitumia, unazika.

Longino aliacha kuandika. Zilikuwepo! Miezi mitatu sauti za mzee zilikuwa zimelala mle ndani, na neno lake moja lingeziamsha. Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwa Nuru. Akajiambia atamwambia wakitoka. Walipotoka alichukua jembe lake, akaenda nyumbani.

Siku mbili baadaye Mama Layla alimpigia simu. Alikuwa na furaha. Wasichana anaowafundisha kushona wanamletea filamu za mitindo, tele, anaziweka kwenye kompyuta. Aliuliza, je, nafasi itatosha, au aache?

Msomaji, tusimwonee mtu, ila hapa hana utetezi. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili aliogopa. Mara hii ya tatu alijua, alijua kabisa, na neno moja, "zima," lingetosha. Lakini angesema zima, mama angeuliza kwa nini.

"Endelea tu, Mama Layla," akasema. "Nafasi ipo."

Alipokata simu alikaa kwenye kiti chake kibandani, mteja anamwita hasikii. Alijichukia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa ameficha maradhi ya mtu mwingine. Mwezi wa kumi hakwenda kwenye mkutano, akasingizia homa, na homa kweli ikamjia.

Mwezi wa kumi na moja alikwenda. Zamu yake ilipofika alisimama, akashika ukingo wa dawati, akasema yote: jenereta, swali ambalo hakuuliza, waya, simu ya mwezi wa tisa.  Hakuna aliyepiga makofi. Nje watu walikuwa wakipita na majembe wakiongea, na kila neno lao lilisikika mle darasani. Josephat aliandika daftarini kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Nuru kama kesho anaweza kwenda Muyinga.

Walikwenda wawili, Nuru na Longino. 

Mama Layla aliwapokea kwa chai na mandazi, akifurahi kumwona fundi wake, akashangaa shati liko wapi. Longino alimwambia palepale, kabla ya kikombe. Hakukaa chini. Alipofika kwenye habari ya waya mama alivua miwani, akaiweka juu ya cherehani, akabaki anamtazama kwa macho yasiyoona vizuri. Nuru aliomba ruhusa, akachomeka kifaa chake, akaanza kutafuta. Walisubiri tangu saa nne mpaka adhuhuri ikapita. Mama aliswali, akarudi, akakaa.

Rekodi nzima zilikuwa tano. Nyingine zilikatika katikati ya neno, na juu ya zilizobaki kulikuwa na filamu za mitindo.

"Kama angesema siku ile?" Mama Layla akamuuliza Nuru.

Nuru alimtazama Longino kwanza. "Nyingi sana zingepatikana, mama. Hata mwezi wa tisa, nyingi."

Mama Layla hakupaza sauti. Heri angepaza. Alizungumza taratibu, akiangalia mikono yake.

"Ulisema mi niliua na waya. Layla aliuliza, mama, kwa nini ulichomoa? Nikakosa jibu. Alisema, baba alikufa mara moja, we umemuua mara ya pili. Akarudi kwake Buhinyuza. Toka pale hajakanyaga hapa, miezi tano. Napiga, anasema iko na kazi. Na mi nilikuwa naona iko na haki. Kila usiku najiuliza, Mwajuma, mkono wako ulikuwa na haraka gani?"

Longino alikuwa amejiandaa kwa habari ya sauti. Kwa hii hakujiandaa. Miezi mitano alidhani aibu ni mzigo wake peke yake, kumbe nusu kubwa alikuwa amembebesha mjane, naye akaibeba akiamini ni yake. Alitamani ardhi ipasuke. Alianza kuomba msamaha, magoti yakiwa yameshaanza kupinda, lakini mama alimzuia kwa kiganja.

"Usinipigie magoti, mwanangu. Alors, basi, mpigie Layla. Mwambie we mwenyewe, akisikia kwangu ataona najitetea."

Akabonyeza namba, akampa simu. Ililia mara nyingi, halafu sauti ya mwanamke ikaitika, "Niko na kazi."

"Si mama yako," Longino akasema. "Naitwa Longino, fundi wa Gitega. Mimi ndiye niliyefuta sauti za baba yako. Mama yako hakuharibu kitu chochote. Nilimsingizia."

 Upande wa pili alisikia kuku, na mtoto akiambiwa atoke nje.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa naona aibu."

"We uliona aibu," Layla akasema, polepole, kama anayesoma. "Mi mama yangu sikumwita mama miezi tano."

 Layla akamwambia ampe mama simu. Mama Layla aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, na kabla hajasema neno akaanza kulia, na aliyekuwa Buhinyuza naye alikuwa analia, walisikika wote wawili. Nuru akakunja nyaya zake, akatoka uani. Longino alibaki amesimama karibu na cherehani, kwa sababu hakuna aliyemwambia aende wala aliyemwambia aketi.