Kiti Kilichogeukia Ukuta

Zéphirin alisimama nyuma ya kiti chake katika ukumbi wa misheni, damu ikimchemka, kwa sababu mtu aliyekaa upande wa pili wa ubao wa sataranji alikuwa Papa Kalenga, baba mzazi wa mke wake Albertine.

Sasa elewa vizuri mwiko wa ukwe, bukwe kama wanavyouita kwao. Mluba aliyelelewa Mitwaba, kama Zéphirin alivyolelewa, hamkazii macho baba mkwe. Hali naye meza moja. Hasemi naye mdomo kwa mdomo. Kukiwa na neno, mke ndiye hulibeba, kutoka huku kwenda kule. Akimwona njiani, huingia majanini mpaka mzee apite. Na leo, siku ya fainali ya timu za Katanga nzima, Élisabethville na Jadotville, ati akae naye uso kwa uso, magoti karibu yagusane, halafu amuulie mfalme wake?

Mwaka mzima mzee Kalenga alichezea Jadotville meza ya kwanza. Asubuhi hiyo wakamshusha hadi meza ya mwisho, meza ya Zéphirin, ambaye hakuwa amefungwa na mtu tangu mvua zianze. Bahati mbaya? Bahati mbaya gani! Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, anapanga farasi wake taratibu, akijua fika kwamba mkwe atainama, atarudi kinyumenyume, na ushindi utakuwa wa Jadotville bila jasho.

Zéphirin alikuwa fundi wa baiskeli kule Katuba, mtu wa kucheka na wateja, lakini kuhusu kombe lile hakuwa na mzaha. Halijawahi kulala Élisabethville hata mara moja. Kila mwaka watu wa Jadotville waliondoka nalo wakiimba kwamba wenzao wanajua kufunga tai tu. Alilitaka mpaka mke wake akachoka kusikia habari zake.

Rigobert, kapteni wao, alimjia sikioni. Hasira hasara, ndugu yangu, alimwambia. Acha tu, hakuna atakayekulaumu. Maneno hayo yalimchoma kuliko koti la mzee. Padri Gérard, mwamuzi, alitazama saa yake akakumbusha kwamba asiyekaa ameshindwa.

Basi Zéphirin akakamata kiti, akakigeuza kikaelekea ukuta, akakaa, mgongo kwa ubao. Watu wakacheka. Akasema, bila kugeuka, kwamba atacheza kwa kichwa, na mke wake atasogeza kete. Albertine akainuka kwenye benchi la kina mama, akaja kukaa kando ya ubao. Nyumbani, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiwa jikoni, alikuwa akicheza na mumewe kila jioni, na kila kijumba cha ubao alikijua kwa jina. Padri alikuna ndevu. Hakukuwa na sheria iliyokataza.

Wee, mchezo ule! Mbele ya Zéphirin palikuwa na chokaa na alama ya unyevunyevu, basi. Albertine anamwambia mumewe kile ambacho baba yake amesogeza, naye anajibu. Mwanzoni hasira ilimla akili: akasahau askari wake alipo, farasi akaenda bure, na mzee akaanza kuvumisha wimbo kwa pua. Wimbo huo ulimuuma, nawaambia. Alikunja ngumi juu ya mapaja, akaupanga ubao upya kichwani, kete kwa kete, akaanza kurudi. Baada ya muda mzee akaacha kuimba.

Meza nyingine zikamalizika. Timu zilikuwa sawa kwa sawa, na sheria ilikuwa hivi: zikilingana, kombe linabaki kwa aliyelishika mwaka jana. Yaani Jadotville. Watu wote wakaja kuzunguka meza ya mwisho. Mfalme wa mzee alikuwa amebanwa pembeni, na kila aliyejua mchezo aliona hana pa kukimbilia.

Papa Kalenga akakohoa. Akamwelekea binti yake, lakini kwa sauti ya ukumbi mzima.

"Albertine, umuambie bwana yako tugawanye, kusikuwe mushindi. Ni miye mukwe wake naomba."

Shetani wa mzee! Ombi la mkwe halikataliwi mbele za watu. Anayelikataa ameivunja ndoa yake mwenyewe. Zéphirin alisikia kila neno, maana mzee alikuwa nyuma yake karibu tu. Alifumba macho. Alitamani kuupiga ukuta teke. Mke akishalibeba neno lile, hatakuwa na jibu ila ndiyo.

Albertine alimgeukia baba yake.

"Papa," akasema, "bukwe ni weye uliileta pa hii meza. Basi ibakie. Maneno yako haiwezi kumufikia kama miye siibebi. Na miye siibebi."

Kisha akamgeukia mumewe. "Papa hakusema kintu. Ucheze."

Mkuki kwa nguruwe, wazee wetu!

Zéphirin aliuambia ukuta: "Ngome, h-nane."

Albertine akaiweka. "Mat," akasema yeye mwenyewe, yaani mfalme wa mzee amekufa.

Vijana wa Élisabethville wakapiga kelele mpaka madirisha yakalia. Papa Kalenga alifunga vifungo vya koti, akapita nyuma ya kile kiti, akatoka, na Zéphirin hakugeuka mpaka viatu vya mzee viliposikika nje kwenye changarawe. Rigobert akamtupia kombe mapajani. Ndipo alipogeuka, akamkuta mke wake bado amekaa, mfalme wa baba yake mkononi.

Zéphirin, hasira ikiwa haijamtoka, alisema atatuma kuku kwa mzee kesho, kuomba radhi, ijapokuwa mzee hastahili hata unyoya.

"Hapana," Albertine akasema. "Kuku nitapeleka miye. Ni miye nilimuua."

Zéphirin aliliweka kombe sakafuni, akakaa kando yake.